Manowari Iliyorudi Kila Mara

Huko Etajima nchini Japani, mahali ambapo maofisa wa jeshi la majini la nchi hiyo wamefundishwa kwa miaka mingi, kumehifadhiwa nanga na usukani wa manowari moja ya zamani. Vitu hivyo vilirudishwa Japani mwaka 1971 kutoka Taiwan, baada ya chombo chenyewe kuvunjwa na kuwa chuma chakavu. Manowari hiyo iliitwa Yukikaze, maana yake upepo wenye theluji. Ilipigana vita vizima vya Pasifiki, kuanzia Desemba 1941 hadi Agosti 1945, ikapita katika mapambano makubwa yaliyoiangamiza karibu meli yote ya kivita ya Japani, na kila mara ikarudi bandarini ikielea.

Historia ya Yukikaze inastahili kutazamwa na kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, kwa kuwa ndani yake limo swali ambalo kila mlinzi hulikabili. Je, mlinzi ahesabiwe amefaulu kwa sababu yeye amerudi salama, au kwa sababu wale aliokabidhiwa wamerudi salama?

Yafaa kwanza ieleweke Yukikaze ilikuwa chombo cha aina gani. Ilikuwa manowari ya aina iitwayo distroya, yaani manowari nyepesi, yenye mwendo mkali na isiyo na ngozi nene ya chuma. Distroya si mfalme wa baharini. Kazi yake ni ya askari wa lindo na doria: kuzunguka manowari kubwa na meli za mizigo, kunusa nyambizi zilipo, kufukuza ndege, kubeba askari usiku, na kuwaokota majini watu ambao chombo chao kimezama.

Yukikaze ilianza kujengwa katika bandari ya Sasebo mwaka 1938, ikashushwa majini Machi 1939 na kuingia kazini Januari 1940. Uzito wake ulikuwa kama tani 2,000, urefu wake mita 118, na iliweza kukimbia maili 35 za baharini kwa saa. Ndani yake waliishi mabaharia wapatao 240. Ilikuwa na mizinga 6 ya milimita 127, lakini silaha yake ya kutisha zaidi ilikuwa topido, yaani bomu linalojiendesha chini ya maji. Topido za Japani zilizojulikana kama Aina ya 93 zilitumia oksijeni safi badala ya hewa ya kawaida. Kwa sababu hiyo zilikwenda mbali kuliko topido za mataifa mengine, na hazikuacha nyuma yao mstari wa mapovu ambao adui angeuona. Yukikaze ilibeba 8 tayari kwenye mitambo, na 8 nyingine za akiba.

Ikumbukwe kwamba Yukikaze haikuanza vita ikiwa upande wa haki. Japani ilikuwa imekwisha kuivamia China tangu mwaka 1937, na Desemba 1941 ikazishambulia nchi za Asia ya Kusini Mashariki na visiwa vya Pasifiki. Yukikaze ilisindikiza askari wavamizi hadi Ufilipino, kisha Sulawesi, Ambon na Timor. Februari 1942 ilikuwapo katika pambano la Bahari ya Java, ambamo manowari za Uholanzi, Uingereza, Marekani na Australia zilishindwa vibaya. Miezi ile ilikuwa ya ushindi kwa Japani, na ushindi hauwafundishi askari mengi.

Mafunzo yalikuja katika visiwa vya Solomon. Usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Novemba 1942, karibu na kisiwa cha Guadalcanal, manowari za Japani na za Marekani zilikutana gizani kwa umbali mdogo mno. Pambano hilo lilikuwa kama ugomvi wa watu ndani ya chumba kisicho na taa. Kulipopambazuka, manowari kubwa ya Japani iliyoitwa Hiei ilikuwa imeharibiwa usukani, ikizunguka mahali pamoja huku ndege za Marekani zikiirukia tangu asubuhi. Amiri Abe Hiroaki aliihama, akahamishia bendera yake ndani ya Yukikaze. Kutwa nzima Yukikaze na wenzake walibaki karibu na jitu lile lililojeruhiwa, wakijua kwamba kukaa pale ni kujiweka shabaha. Mabomu yaliangukia kandokando yake na kuidhuru kidogo. Mabaharia wa Hiei walipotolewa, manowari yao iliachwa ikazama.

Miezi mitatu baadaye, Japani iliamua kuwaondoa askari wake katika Guadalcanal. Watu wale walikuwa wamekondeshwa na njaa, malaria na kuhara. Distroya zilikwenda mara tatu mwanzoni mwa Februari 1943, usiku, zikawaondoa askari zaidi ya 10,000. Yukikaze ilikuwa miongoni mwake. Wamarekani waliotarajia shambulio jipya walikuta ufuko mtupu. Kujiondoa kwa utaratibu mbele ya adui ni kazi ngumu kuliko kusonga mbele, na askari yeyote aliyewahi kusimamia jambo hilo analijua.

Lakini mwezi uliofuata ulileta msiba. Tarehe 28 Februari 1943 msafara wa meli 8 za kubeba askari, zikilindwa na distroya 8, uliondoka Rabaul kwenda Lae katika kisiwa cha New Guinea. Ndani yake walikuwamo askari karibu 6,900. Tarehe 2 Machi meli ya kwanza ilizamishwa na ndege. Yukikaze na distroya mwenzake Asagumo ziliwaokota mamia ya askari wake, zikaenda nao mbio hadi Lae usiku, zikawateremsha, kisha zikarudi kuungana na msafara kabla ya mapambazuko. Asubuhi ile, tarehe 3 Machi, ndege za Marekani na Australia zilikuja zikiruka chini sana karibu na uso wa bahari. Marubani walikuwa wamejifunza kuangusha bomu likaruka juu ya maji, kama jiwe bapa linalorushwa na mtoto ziwani, mpaka ligonge ubavu wa meli. Meli zote 8 za askari ziliangamia pamoja na distroya 4. Katika wale askari karibu 6,900, waliofika Lae ni kama 1,200 tu, na wengi wa hao ndio waliopelekwa usiku ule na distroya mbili. Yukikaze haikupata dhara.

Hapo ndipo sifa ya bahati ilipoanza kuifuata. Hata hivyo, walioichunguza kazi yake wanaona jambo jingine zaidi ya bahati. Mfano mzuri ni pambano la Kolombangara, usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 Julai 1943. Wakati ule Wamarekani walikuwa na rada, yaani chombo kinachoona gizani kwa mawimbi. Yukikaze haikuwa na uwezo kama huo, lakini ilikuwa imefungiwa kifaa cha kuyanasa mawimbi ya rada ya adui. Kwa hiyo ilijua kwamba inatafutwa kabla ya adui kudhani amejificha. Distroya zilirusha topido zao, zikajitenga kando, mabaharia wakapakia topido za akiba gizani kwa muda mfupi, wakarudi kurusha tena. Manowari kubwa tatu, Leander ya New Zealand pamoja na Honolulu na St. Louis za Marekani, ziliharibiwa, na distroya Gwin ikapotea. Japani nayo ilipoteza manowari Jintsu pamoja na amiri aliyekuwa ndani yake. Kupakia topido yenye uzito wa karibu tani tatu juu ya sitaha inayoyumba, bila taa, si bahati. Hilo ni zoezi lililorudiwa mpaka mikono ikajua kazi bila kuongozwa na macho.

Aidha, Yukikaze ilikubali kubadilika. Ndege zilipokuwa ndiyo hatari kubwa kuliko manowari, mizinga yake miwili ya nyuma iliondolewa, na mahali pake ikawekwa mizinga midogo mingi ya kupigia ndege. Baadaye nayo ikapata rada. Kamanda wake tangu Desemba 1943, Terauchi Masamichi, alikuwa mtu wa umbo kubwa ambaye hakupenda kukaa chini ya paa wakati wa hatari. Inasimuliwa kwamba wakati wa mashambulio ya ndege alitoa kichwa nje ya tundu la paa la chumba cha usukani, akawatazama marubani wakishuka, akakisia bomu litaanguka wapi, kisha akampiga teke begani ofisa aliyekuwa chini yake: bega la kulia, chombo kigeuke kulia, bega la kushoto, kigeuke kushoto. Katika kelele zile sauti ya mdomo isingesikika. Amri ilikuwa fupi, ilieleweka, na ilitekelezwa papo hapo.

Ndugu wasikilizaji, kama hadithi ingeishia hapo ingekuwa hadithi tamu ya ushujaa. Lakini mwaka 1944 ulikuwa na sura nyingine. Oktoba mwaka huo Yukikaze ilishiriki katika pambano la kisiwa cha Samar, Ufilipino, ambako distroya ndogo ya Marekani iliyoitwa Johnston iliukabili peke yake mstari wa distroya za Japani ili kuzilinda meli za kubebea ndege. Johnston ilizamishwa na kamanda wake, Ernest Evans, hakuonekana tena. Manusura wake walisimulia kwamba, distroya moja ya Japani ilipopita karibu, ofisa mmoja alisimama wima akaipigia saluti manowari iliyokuwa inazama. Mlinzi alimtambua mlinzi mwenzake.

Baada ya Samar, Yukikaze ilipewa kazi ya kuzisindikiza manowari kubwa zilizobaki kuzirudisha nyumbani. Tarehe 21 Novemba 1944, katika mlangobahari wa Taiwan, nyambizi ya Marekani iliipiga manowari Kongo ikazama, pamoja na distroya Urakaze, ambayo ilipotea na watu wake wote. Siku nane tu baadaye, Yukikaze na distroya nyingine mbili zilikuwa zikiisindikiza Shinano, meli ya kubebea ndege iliyokuwa kubwa kuliko zote zilizokuwa zimejengwa hadi wakati ule. Usiku wa manane nyambizi Archerfish iliipiga topido 4. Saa chache baadaye Shinano ilizama ikiwa katika safari yake ya kwanza. Watu 1,435 walikufa. Distroya ziliwaokota 1,080.

Basi maneno yakaanza katika bandari. Kulikuwa na waliosema kwamba Yukikaze ina bahati, na kulikuwa na waliosema kwamba bahati hiyo inaibiwa kutoka kwa wengine: anayesindikizwa nayo hazikwi na ndugu zake. Mabaharia wengine waliiita mungu wa kifo. Kwa askari wa lindo hakuna tuhuma nzito kuliko hiyo, kwamba yeye hupona kwa sababu wengine hufa.

Tuhuma hiyo lazima ipimwe kwa haki. Shinano iliondoka Yokosuka kabla ya kumalizika kujengwa. Matundu ya mabomba na waya yalikuwa hayajazibwa, na mabaharia wake wengi hawakuijua vema. Haikuwa na ndege za kuilinda angani. Distroya zenyewe zilikuwa zimetoka vitani zikiwa zimechoka, watu na mitambo, na makamanda wake walipendelea safari ya mchana karibu na pwani. Nahodha wa Shinano, Abe Toshio, aliamua kwenda usiku, kwa kuwa hofu yake ilikuwa juu ya ndege. Distroya moja ilipoanza kuikimbilia nyambizi iliyoonekana, iliamriwa irudi mahali pake. Na baada ya kupigwa, Shinano iliendelea kukimbia kwa nguvu huku maji yakizidi kuingia. Mlinzi ana wajibu wake, lakini mlinzi hawezi kuzuia kwa mwili wake makosa yaliyokwisha kufanywa na mpanga safari. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kosa kubwa zaidi la namna hiyo lilifanywa Aprili 1945. Wamarekani walikuwa wameteremka Okinawa. Wakuu wa Japani waliipeleka Yamato, manowari kubwa kuliko zote duniani, pamoja na manowari Yahagi na distroya 8, bila ndege za kuzifunika. Makamanda walielewa kwamba wanatumwa kwenda kufa. Tarehe 7 Aprili zaidi ya ndege 300 za Marekani ziliwashukia. Yamato ililipuka na kuzama alasiri ile pamoja na takriban watu 3,000. Yahagi ilizama, na distroya 4 hazikurudi. Mmoja wa hao alikuwa Isokaze, mwenzake wa miaka mingi, aliyeharibiwa vibaya na kushindwa kwenda. Yukikaze iliwachukua watu wake, kisha ikaizamisha Isokaze kwa mizinga yake yenyewe, ili isiangukie mikononi mwa adui. Amri ya kuivunja safari ile ilikuwa imefika, na distroya zilizobaki zilikusanya manusura waliotapakaa katika mafuta mazito, zikageuza omo kuelekea Sasebo. Yukikaze yenyewe ilikuwa imepoteza watu 3.

Wasikilizaji wa Afrika Mashariki wasiione habari hii kuwa ya mbali. Vita hivyo vilifika hadi Bahari ya Hindi, na damu ya vijana wa huku ilimwagika humo. Mapema Februari 1944 msafara wa meli uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo. Katika meli Khedive Ismail walikuwamo askari 996 wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12 Februari nyambizi ya Japani, I-27, iliipiga topido mbili, na kwa dakika chache tu meli ikatoweka. Watu 1,297 walikufa, wengi wao Waafrika waliokuwa wakienda kupigana vita ambavyo hawakuvianzisha. Distroya mbili za Uingereza, Petard na Paladin, zilikuwa miongoni mwa manowari zilizokuwa zikilinda. Nyambizi ilikuwa imejificha chini, karibu na watu waliokuwa wakiogelea. Petard ilitupa mabomu yake ya kulipukia chini ya maji, ikijua kwamba yatawaua baadhi ya waogeleaji, kwa kuwa meli nyingine zilizojaa askari zilikuwa bado hatarini. Nyambizi iliangamizwa. Hakuna kamanda anayepaswa kutamani kuikabili hesabu kama ile.

Mambo ya namna hiyo, pamoja na mashambulio juu ya watu waliokwisha kuvunjikiwa chombo, yaliyotokea pande zote mbili za vita vya Pasifiki, yaliwakumbusha walimwengu haja ya sheria. Mkataba wa pili wa Geneva wa mwaka 1949 unaagiza waziwazi kwamba majeruhi, wagonjwa na waliovunjikiwa meli waheshimiwe na kulindwa, na kwamba baada ya kila pambano watafutwe na kuokotwa bila kubagua taifa.

Vita vilipokwisha Agosti 1945, katika distroya 19 za aina yake Yukikaze ilikuwa imebaki peke yake. Hapo ikaanza kazi ambayo pengine ndiyo bora kuliko zote ilizofanya. Mizinga yake iliondolewa, sitaha zikajengwa vibanda vya kulala watu, na tangu Februari hadi mwishoni mwa mwaka 1946 ilikwenda na kurudi mara 15, ikiwachukua Wajapani waliokwama ng'ambo: askari wenye njaa kutoka Rabaul na New Guinea, na raia, wanawake na watoto kutoka China. Jumla yao ilizidi 13,000. Miongoni mwao alikuwamo askari mmoja aliyepoteza mkono wa kushoto huko Rabaul, Mizuki Shigeru, ambaye baadaye alikuwa mchoraji mashuhuri wa hadithi za picha, na katika michoro yake aliyaeleza mateso ya askari wa chini bila kuyapamba. Katika safari hizo hakuna manowari kubwa iliyosindikizwa, wala hakuna adui aliyepigwa. Waliokabidhiwa walifika.

Tarehe 6 Julai 1947, huko Shanghai, Yukikaze ilikabidhiwa kwa China kama sehemu ya fidia ya vita. Ikapewa jina la Dan Yang. Serikali ya Chiang Kai-shek iliposhindwa na kuhamia Taiwan, manowari ilikwenda nayo, ikafungwa mizinga upya, ikatumika kulinda mlangobahari na kuzuia meli zilizokwenda bara. Hivyo chombo kilichojengwa na wavamizi wa China kikawa kinalinda bendera ya Kichina kwa karibu miaka 20. Ilistaafishwa mwaka 1966. Wajapani waliomba wairudishiwe nzima. Walichopata ni usukani na nanga.

Ndugu wasikilizaji, bahati ya Yukikaze ilikuwapo, wala hakuna haja ya kuikana. Lakini chini ya bahati hiyo kulikuwa na mabaharia waliojua kazi zao gizani, makamanda waliokubali kujifunza, na desturi ya kutowaacha wenzao majini. Wakuu waliowatuma hawakuwa na busara ya kulingana na bidii hiyo, na ndiyo maana ulinzi mwema haukuweza kuliokoa jeshi lililokuwa likipelekwa mahali pabaya kwa sababu mbaya.

Askari anayesimama lindoni usiku huu, mpakani, bandarini au barabarani, huenda asiulizwe kamwe amezamisha nini. Ataulizwa wale waliolala nyuma yake wameamkaje. Kwa hesabu hiyo, ukurasa wa Yukikaze unaong'aa zaidi ni ule wa mwaka 1946, ilipokuwa haina hata mzinga mmoja.